ERNiCr-3 kwa TIG: kijiti ghali kinachostahili boila, si tangi la maji

Kuunga chuma cha kawaida na stenlesi 304 kwa TIG (kuchomelea kwa umeme ndani ya gesi ya kinga), mafundi wengi hushika ER309L, kijiti cha stenlesi, na kwa tangi la maji au ngazi inatosha kabisa. Kwenye boila hali ni nyingine. Kwa kila digrii ya joto, mita moja ya chuma hutanuka kama maikromita 12, ya stenlesi kama 17. Mshono wa 309L hutanuka kama stenlesi, hivyo kila boila linapowashwa na kuzimwa mvutano hukaa mpakani mwa mshono na chuma. Kaboni nayo huhama polepole kutoka kwenye chuma, ikiacha ukanda laini, na ufa huanzia hapo.

ERNiCr-3, yenye nikeli asilimia 67 au zaidi, hutanuka karibu sawa na chuma na hupunguza sana uhamaji huo. Bei ni mara kadhaa ya 309L, na kwa kazi hii inastahili.

Ila haina haraka. Ikiyeyuka huwa nzito kama uji ulioanza kupoa. Haitembei yenyewe kufuata kingo. Aliyezoea stenlesi huongeza ampea ili itiririke, na hapo huharibu: chuma kingi huyeyukia mshononi na nyufa hufuata. Afadhali fungua pembe ya kingo digrii 75 badala ya 60, uipeleke mwenyewe upande huu na ule. Kila tabaka lipoe chini ya digrii 150 za Selsiasi kabla ya linalofuata. Oksaidi iondoe kwa grainda, maana brashi ya waya huing'arisha tu. Safisha sentimita 2.5 kila upande kwa asetoni: grisi na chaki za alama huweza kuwa na salfa, nayo hupasua nikeli ingali moto. Mwishoni punguza moto taratibu huku ukijaza shimo linalobaki mwisho wa mshono, la sivyo utakuta ufa mdogo wa nyota katikati yake.

Katika kupima nyufa, sumaku haifai. Mshono hauna usumaku, na mpaka wake na chuma huonekana kama ufa usiokuwepo. Paka rangi nyekundu ya kupenya, subiri dakika 10, futa, pulizia nyeupe: nyekundu hujitokeza penye ufa. Kwa ndani piga eksirei, kwani punje kubwa za mshono hutawanya mawimbi ya sauti ya kipimo cha ultrasoniki. Kipande cha jaribio la kukunja kikate kufuata urefu wa mshono. Kikikatwa kukingama, upande laini hukunjika peke yake na mshono haujaribiwi.

Dukani, soma jina kwenye kila kijiti. Kikichanganywa na 309L, jicho halitofautishi.