Gitaa langu la zamani limerudi kazini: uzoefu wangu na setapu ya elfu themanini

Kwanza bei, maana ndilo swali ninaloulizwa kabla hata sijafungua mkoba. Fundi alitaka elfu tisini kwa setapu, yaani kulirekebisha na kulisawazisha gitaa zima, seti mpya ya nyuzi ikiwa humohumo, tukapatana themanini. Kwa mpigaji wa harusi na wikiendi kama mimi hiyo si hela ya kuchezea. Lakini kwa themanini sijaona bado duka Kariakoo litakalonipa gitaa jipya la umeme la kusimama nalo jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Gitaa lenyewe ni Yamaha Pacifica 112, jeusi, limekwaruzika kila mahali mkanda unapogusa. Nililinunua mtumba kutoka kwa kwaya iliyokuwa inauza vyombo vyake ili ipate kinanda. Anayelijua gitaa hili analijua: mwili wa mbao ya alda, shingo ya mepo, freti 22 (vile vyuma vinavyokatisha shingo), pikapu, yaani sumaku za kudaka sauti ya nyuzi, mbili nyembamba na moja nene ya nyuma karibu na briji, pale nyuzi zinapoishia mwilini. Halikutengenezwa kwa ajili ya matajiri, lakini mbao zake ni za kweli na shingo yake imenyooka vizuri mkononi. Lilinitumikia vizuri miaka ya mwanzo. Baadaye likaanza kuwa na kasoro ambayo kila mtu kwenye kundi aliisikia na hakuna aliyeweza kuitaja kwa jina. Ukilityuni linakubali. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za chini karibu na kichwa, linavumilika. Ukipanda juu, freti ya kumi na kuendelea, linakusaliti. Likaenda juu ya kabati, na mimi nikawa naazima la mwenzangu kila tukiwa na shoo.

Sasa, kama unapiga nyimbo za kodi za chini tu, unaweza kuishi na gitaa la namna hiyo mpaka uzeeke. Sisi tunaopiga muziki wa dansi hatuwezi. Sikiliza solo yoyote ya bendi za Sikinde au Msondo: mpigaji anaishi juu ya shingo, anabana nyuzi mbili kwa pamoja, noti zinatembea sambamba huku magitaa ya kusindikiza, second solo na rizim, yakimjibu kwa chini. Ni shule ileile waliyotoka wapiga gitaa Mbaraka Mwinshehe huku kwetu na Docteur Nico kule Kinshasa. Noti moja ikiwa juu kidogo ukiipiga peke yake, sikio linasamehe. Zikiwa mbili zinazotakiwa kukaa pamoja, halisamehi. Hapo ndipo gitaa lisilosetiwa linapomuumbua mtu, na msikilizaji hasemi gitaa bovu, anasema huyu solo hajui.

Fundi niliyempata ni mzee wa Temeke aliyewahi kupiga rizim kwenye bendi za enzi zile ambapo vyombo vyote vilikuwa mali ya bendi au ya shirika. NUTA Jazz, ndiyo Msondo ya baadaye, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Mlimani Park, yaani Sikinde, ya mwaka 1978, nayo ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama bendi, gitaa linabaki. Nadhani ndiyo maana wazee hawa wanajua kulifufua gitaa kuliko sisi: halikuwa lao, jipya halikuwa rahisi kuingia nchini, kwa hiyo lililopo lazima lipige leo usiku.

Nilipofika nikamwamkia, nikaanza kumweleza matatizo. Akanikata.

"Mwanangu, usiniambie lina nini. Piga nikusikie."

Nikapiga. Akanisimamisha, akaniambia nirudie palepale nilipopenda kupiga, si chini. Halafu akauliza nabana nyuzi kwa nguvu kiasi gani, natumia nyuzi namba ngapi, na huo mkono wa briji wa kutikisia sauti huwa naugusa. Nikamwambia siugusi hata siku moja. "Basi tutaufunga," akasema. Kabla hajashika bisibisi alikuwa ameshajua gitaa hili ni la kazi gani, na kwangu hiyo ni nusu ya thamani ya huduma. Niliwahi kulipeleka kwa mwingine, simtaji, ambaye alishusha nyuzi chini mpaka zikagonga freti, akanikabidhi, akataka hela. Hakuniuliza hata napiga nini.

Alianza na shingo. Ndani ya shingo ya gitaa la umeme mnapita chuma chenye kichwa cha kukaza, na kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Nyuzi sita zikiwa zimekazwa zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 40 hivi, muda wote, hata ukiwa umelala. Ongeza unyevu wa pwani yetu, mbao inakunywa maji masika yote, na shingo inapinda kuelekea mbele polepole. Mzee alibana uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, akapima nafasi iliyobaki katikati kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi magari wanapimia plagi. Ilikuwa milimita 0.7. Akakaza chuma robo mzunguko, akaliacha likae, akarudi tena, mpaka ikafika 0.25. Hakuharakisha hapo hata kidogo. Anasema waliowahi kukikata chuma hicho kwa pupa ni wengi, na kikikatika shingo nzima imekwenda.

Halafu akaja kwenye nati, kile kipande chenye mifereji sita kinachobeba nyuzi upande wa kichwa. Yangu ilikuwa ya plastiki na mifereji yake haikuchimbwa ya kutosha. Nyuzi zikikaa juu sana pale, ukibana freti ya kwanza unalazimika kuuvuta uzi chini umbali mrefu, na ukivutwa unapanda sauti. Ndiyo maana kodi zangu za mwanzo wa shingo zilikuwa na uchachu ambao nilikuwa nauficha kwa kutyuni kwa ujanja. Mzee akatoa mfupa wa muundi wa ng'ombe, uliochemshwa ukatoka mafuta na kukauka, akauchonga nati mpya kwa tupa ndogo. Kipimo chake kilinifurahisha: bana uzi freti ya tatu, tazama freti ya kwanza, uzi uwe karibu kuigusa lakini usiiguse. Ukiweza kupitisha kipande cha karatasi, inatosha.

Freti zenyewe zilikuwa na mabonde mahali ninapokaa sana. Alizipaka kalamu ya maka, akapitisha tupa ndefu iliyonyooka, palipobaki wino ndipo palipo chini, akaendelea mpaka wino ukaisha kote. Baadaye akazirudishia mviringo mojamoja na kuzing'arisha. Vumbi la chuma lilijaa mezani na mimi roho ilikuwa juu, maana kilichokatwa kwenye freti hakirudi.

Briji ndipo nilipojifunza kitu. Kwenye gitaa la aina hii briji inaelea, imeshikiliwa kwa nyuma na springi zinazovutana na nyuzi. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda sauti kwa pamoja. Ilishanitokea ukumbini, bwana harusi anaingia. Mzee alifungua kifuniko cha nyuma, akachonga vipande viwili vya mninga, akavipachika kila upande wa kile chuma kinachoning'inia chini ya briji, kikawa hakiendi mbele wala nyuma. Anayependa kutikisa sauti atalia akiona. Mimi sasa nikikatikiwa na uzi naendelea na tano zangu.

Kilichofuata ndicho nilichokiendea hasa, nacho ni intonesheni, yaani noti kuwa sahihi popote unapobana kwenye shingo. Kwenye gitaa hili uzi una urefu wa milimita 648 kutoka nati hadi briji, na freti ya kumi na mbili imekaa katikati kabisa, 324. Kwa hesabu, ukibana hapo unapata noti ileile oktavu moja juu. Ila kidole chenyewe kinapobana kinaukaza uzi, hivyo noti inapanda kidogo kupita ilipotakiwa. Dawa yake ni kuurefusha uzi kwenye briji: kila uzi una kitandiko chake kidogo chenye skrubu, unakirudisha nyuma mpaka noti ya kubana na ile sauti ya filimbi ya kugusa tu juu ya freti ya kumi na mbili zilingane kwenye tyuna. Uzi mnene unahitaji kurudi nyuma zaidi. Vitandiko vyangu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kama askari wa gwaride, na uzi wa sita ulikuwa unakosea kwa senti 18 (nusu-toni, hatua ya freti moja, ina senti 100), yaani karibu theluthi moja ya robo-toni. Mzee alipomaliza, hakuna uzi uliokuwa unakosea zaidi ya senti mbili.

Na hata hivyo uzi wa nne ukagoma juu ya freti ya kumi na nne. Sauti ilikuwa inayumba. Akachukua bisibisi akaishusha pikapu ya mbele. Sumaku ilikuwa karibu mno na nyuzi, inazivuta zinapotetema. Ilipoteremka milimita chache, kuyumba kukaisha. Hili sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote, na nimekaa na wapiga gitaa maisha yangu yote ya ukubwani.

Umeme ulimchukua muda mfupi: dawa kwenye volyumu iliyokuwa inakwaruza, risasi mpya kwenye soketi ya waya, basi.

Nyuzi zimekaa milimita 1.8 juu ya freti ya kumi na mbili upande mnene, 1.5 upande mwembamba. Zingeweza kushuka zaidi. Mzee alikataa, akasema mkono wangu ni mzito na nyuzi za chini sana zinanyang'anya sauti. Nimekuja kukubaliana naye. Noti ina mwili, inakaa hewani, na naweza kupiga kwa hasira kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, bila mlio wa chuma kugonga chuma.

Niliporudi nyumbani nikachomeka kwenye amplifaya, nikaweka swichi kati ya pikapu ya mbele na ya katikati, bila mwangwi wala kitu kingine, nikapiga mapacha ya noti kuanzia freti ya kumi na mbili kupanda. Yalikaa. Mke wangu alitoka jikoni akauliza gitaa la nani hilo. Tangu hapo sijaazima gitaa, na mpiga besi wetu, mtu asiyesifia kitu, amesema sasa anasikia ninachojaribu kusema.

Malalamiko ninayo. Mzee aliniambia njoo keshokutwa, na keshokutwa hiyo ikazaa keshokutwa nyingine. Kama una shoo Jumamosi, usimpelekee Alhamisi. Hatoi risiti wala dhamana ya maandishi, ni neno lake tu na sura yako. Alinibadilishia nyuzi kutoka seti ya 9 kwenda ya 10, ambayo ni nene zaidi, akasema solo ya dansi haihitaji kupinda nyuzi sana, na ni kweli, ila wiki ya kwanza vidole viliwaka. Pia usitegemee setapu iondoe kila kitu. Zile pikapu nyembamba bado zinanguruma ukiwa karibu na taa za ukumbi au nyaya chakavu, kwa sababu ndivyo zilivyo: koili moja inadaka mngurumo wa umeme wa nyumba. Nikiingia ukumbi wenye nyaya mbovu nahamia pikapu nene ya nyuma na maisha yanaendelea, ingawa sauti inakuwa nyingine.

Kama una gitaa la zamani na unafikiria kufanya hivi, lipeleke likiwa na nyuzi za namba utakayoendelea kuitumia, maana ukibadilisha unene baadaye, shingo na briji vitataka kusawazishwa upya. Mpigie fundi nyimbo zako, si mazoezi. Muulize kama ataangalia nati, kwa sababu wengi wanakimbilia briji na kuiacha nati kama ilivyo, kisha kodi za chini zinabaki chachu na wewe unajilaumu sikio. Na umuulize kabla kama freti zako bado zina nyama ya kupigwa tupa. Zangu zilikuwa nayo, kwa mara hii. Ikifika mahali zote zinatakiwa kung'olewa na kupigwa mpya, bei inakuwa nyingine kabisa, na kwa gitaa la daraja hili ningepiga hesabu vizuri kabla ya kukubali.

Langu linarudi kwake masika yakiisha, kuangaliwa shingo tu. Hilo ameshasema ni elfu kumi, na safari hii nakwenda na besi ya mwenzangu.