Pampu ya kubadilishia maji tangi la samaki: ununue ipi?

Wauzaji wa Luthuli na River Road, Nairobi, watakutajia lita kwa saa. Wewe soma H-max kwenye kibandiko. Hicho ndicho kimo ambacho maji yakikifikia, pampu huzunguka bila kutoa tone. Iliyoandikwa lita 1,000 kwa saa na H-max ya mita 1.5 hutoa lita hizo pale tu isipopandisha maji. Pipa la maji mapya likiwa sakafuni na tangi juu ya stendi, mpira unaweza kupanda mita 1.2, na hapo utabakiwa na sehemu ndogo ya ahadi. Tena pipa likipungua, kimo kinaongezeka. Pima kuanzia chini ya pipa.

Pipa lenyewe halikwepeki Nairobi. Mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na yana klorini inayounguza matamvua ya samaki. Yakae pipani siku nzima, pampu ikiyazungusha humohumo, ndipo uyapeleke kwenye tangi. Mwezi wa Julai yatakuwa baridi mno kwa samaki wa joto, kwa hiyo ongeza maji ya moto kidogo humo pipani kwanza.

Ninayoiweka mbele ni pampu ndogo ya volti 12 yenye H-max ya mita 3 au zaidi. Umeme wa volti 240 unaishia kwenye adapta, mbali na maji, na hilo peke yake linanitosha kuipa nafasi ya kwanza katika nyumba yenye watoto. Zile za wati 19 hivi hufika mita 5. Mara nyingi huuzwa bila adapta: wati 19 kwa volti 12 ni kama ampea 1.6, basi chukua adapta ya ampea 2.

Ya pili ni pampu ya kawaida ya akwaria, ya volti 240. Ni kimya, na impela yake, yaani kipande kinachozunguka na kusukuma maji, huchomolewa na kusafishwa kwa mkono. Ichague ikiwa H-max yake ni mara mbili ya kimo ulichopima. Chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini, na waya uning'inie chini kuliko soketi ili matone yasiufuate hadi kwenye umeme.

Pampu kubwa ya maji machafu, yenye boya la kuiwasha na kuizima, usiinunue kwa tangi la sebuleni. Boya linahitaji nafasi ambayo ndoo haina, maji hutoka kwa kishindo kinachofukua changarawe, na baadhi zina mafuta ndani ambayo sili (kizuizi cha mafuta) ikipasuka huishia kwa samaki. Iache kwa wenye mabwawa.

Kutoa maji machafu hakuhitaji pampu kabisa. Mpira wenye bomba pana mwishoni hunyonya kinyesi kutoka kwenye changarawe, kazi ambayo pampu haiiwezi, na maji hushuka yenyewe hadi kwenye ndoo. Pesa uliyookoa nunua mpira mzuri wa pampu na kibanio cha kuishikilia ncha yake juu ya maji ya tangi. Ncha hiyo ikizama, ukizima pampu tu, maji ya tangi yatarudi pipani.

Kabla ya kulipa, omba pampu iwashwe ndani ya ndoo, mpira ukiinuliwa hadi kimo ulichopima nyumbani.