Msaada wa derivativu kidato cha tano na sita: kipi ulipie, kipi uchukue bure

Wanaouza msaada wa hisabati wengi wao wanauza majibu. Majibu ya kalkulasi (tawi la hisabati lenye derivativu, yaani mteremko wa grafu kwenye nukta moja) unayo tayari, yako kurasa za mwisho za kitabu. Kinachostahili pesa yako ni jicho linalopita kwenye hatua zako na kukuonyesha mstari ule hasa ulipoharibikia. Tumepanga huduma na vifaa hapa chini kwa kipimo hicho, na ndiyo maana vitu kadhaa vya bei kubwa vimeshuka chini ya vitu vya bure.

Tunazungumza hasa na wanafunzi wa Tanzania wa Hisabati ya Juu (michepuo ya PCM, EGM, PGM) na wa BAM (Basic Applied Mathematics). Kwa Kenya, sehemu ya derivativu kwenye KCSE (mtihani wa kumaliza kidato cha nne) ni fupi zaidi: derivativu za polinomia, mteremko wa tanjenti na nomali, vilele na mabonde ya grafu, kasi na mchapuko. Mzazi wa Kenya akiuziwa kozi iliyojaa derivativu za trigonometria na logi analipia mada ambazo mwanawe hataulizwa.

Kabla ya kutoa pesa, jua umekwama wapi

Chukua nusu saa, funga daftari, fanya haya:

1. Rahisisha [(3 + h)² − 9] ÷ h, kisha h ikaribie sifuri.
2. Andika 5/√x kwa kipeo, kisha tafuta derivativu yake.
3. y = (2x³ − 5)⁴
4. y = x² sin x
5. x² + y² = 25; tafuta dy/dx kwenye (3, 4).
6. Karatasi ngumu ya sentimita 24 kwa 24 inakatwa miraba midogo sawa kwenye pembe nne, kisha inakunjwa kuwa boksi lisilo na mfuniko. Mraba uwe na upande gani ili boksi libebe ujazo mkubwa kabisa?

Majibu kwa mpangilio: (1) 6; (2) 5x^(−1/2), na derivativu −(5/2)x^(−3/2); (3) 24x²(2x³ − 5)³; (4) 2x sin x + x² cos x; (5) −3/4; (6) sentimita 4, ujazo sentimita za ujazo 1,024.

Ukikosa la kwanza au la pili, tatizo lako ni aljebra ya kabla ya kidato cha tano: vipeo hasi, vipeo vya sehemu, kufungua mabano. Usinunue chochote cha kalkulasi bado. Wiki mbili za mazoezi ya vipeo zitakufaa kuliko mwezi mzima wa tuisheni, kwa sababu mwalimu atakuwa anafundisha kanuni juu ya msingi ambao haupo. Ukikosa la tatu na la nne, kanuni hazijakaa kichwani, na hapo video za bure na mazoezi mengi vinatosha. Ukikosa la tano na la sita huku ya juu umepata, unahitaji mtu.

1. Mwalimu wa kikundi cha watu watatu hadi watano

Hiki ndicho tunachokiweka juu kabisa, juu hata ya mwalimu wa mtu mmoja mmoja. Ukiwa peke yako na mwalimu, ni rahisi kuishia kumtazama akiandika. Mkiwa wanne, yeye anapokagua daftari la mwenzio wewe unalazimika kuhangaika na swali lako, na huko kuhangaika ndiko kunakofundisha. Gharama nayo inagawanyika: tuseme mwalimu anataka shilingi 20,000 kwa saa, kila mmoja wenu anatoa 5,000.

Linganisha bei kwa saa, kamwe usilinganishe kwa mwezi. "Elfu arobaini kwa mwezi" haina maana mpaka ujue ni vipindi vingapi, vya dakika ngapi, na mko wangapi. Lipia vipindi vinne vya mwanzo tu, si muhula mzima.

Kabla ya hivyo vinne, omba kipindi cha majaribio cha nusu saa na mpe daftari lenye makosa yako. Angalia kalamu iko mkononi mwa nani. Kama muda mwingi anaandika yeye, mshukuru na utafute mwingine. Kisha muulize: kwa nini derivativu ya eˣ si x·eˣ⁻¹? Mwalimu anayejua atakuambia kwamba kanuni ya kipeo ni ya namba inayobadilika iliyopandishwa kwa kipeo kisichobadilika, kama x⁵, na kwenye eˣ mambo yamegeuka: kinachobadilika kimekaa juu. Akikujibu "hiyo kariri tu", pesa yako ibaki mfukoni. Anayekuahidi maswali ya mtihani usimpe hata hiyo nusu saa.

Kipindi kizuri cha dakika 90 kinakwenda hivi: dakika 15 za kusahihisha kazi ya wiki iliyopita, 20 za jambo jipya, 45 za kila mtu kuandika peke yake mwalimu akizunguka, na 10 za kugawa kazi. Hizo 45 ndizo unazozilipia. Humo ndimo anamoona kwamba kwenye x² + y² = 25 umeandika 2x + 2y = 0 ukaisahau dy/dx baada ya 2y. Ndimo pia anamoona kwamba kwenye swali la puto linalojazwa hewa umeingiza r = 5 kabla ya kutafuta derivativu; ukishaingiza namba, ujazo umekuwa kitu kisichobadilika na derivativu yake ni sifuri, basi swali zima limekufa. Kwenye boksi letu kosa la kawaida ni kupata x = 4 na x = 12 na kuyaacha yote mawili, bila kuona kwamba ukikata sentimita 12 kila upande karatasi yote imekwisha.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu chuo kikuu anayesoma uhandisi au ualimu wa hisabati mara nyingi anatoza nafuu kuliko mwalimu mzoefu, na kwa derivativu anatosha kabisa. Apimwe kwa maswali yale yale.

2. Kikokotoo chenye kitufe cha d/dx

Watu wengi wanacho na hawajui kinafanya nini. Vikokotoo kama Casio fx-570ES Plus na fx-991ES Plus vinatoa thamani ya derivativu kwenye nukta moja; fx-82 haitoi. Haviprogramiki, kwa hiyo haviangukii kwenye katazo la vikokotoo vya kuprogramu kwenye mitihani ya NECTA na KNEC (mabaraza ya mitihani ya Tanzania na Kenya). Ni ununuzi wa mara moja, hauli bando, na unakusahihishia kazi saa tano usiku hakuna mwalimu.

Kwenye fx-991ES Plus bonyeza SHIFT, kisha kitufe cha ∫, andika funksheni (X unaipata kwa ALPHA na kitufe cha kufunga mabano), weka thamani ya x. Chukua swali la tatu, x = 2. Kikokotoo kitatoa 127,776. Tuseme wewe uliandika 4(2x³ − 5)³, ambayo kwenye x = 2 ni 5,324. Haziko sawa, umekosea. Usiishie hapo: gawanya 127,776 kwa 5,324, unapata 24. Na 24 ndiyo 6x² pale x = 2, yaani derivativu ya kilichomo ndani ya mabano uliyoisahau. Kikokotoo hakijakupa jibu, kimekuonyesha shimo lilipo.

Mambo mawili yanawaharibia watu. La kwanza, kukiacha kwenye digrii. Derivativu ya sin x pale x = 0 ni 1, lakini kikokotoo kilicho kwenye digrii kitakuambia 0.01745, ambayo ni π/180. Bonyeza SHIFT, MODE, 4 kiende kwenye radiani. La pili, kupima kwa x = 0 au x = 1, ambapo majibu mabovu hufanana na sahihi: 3x na 3x² ni sawa kabisa pale x = 1. Tumia 2, au 0.7 kwa maswali ya trigonometria.

Dukani, usikilipie kabla ya kukijaribu. Weka d/dx ya X³ kwenye 2, kitoe 12. Vya bandia ni vingi.

3. Video za bure pamoja na mitihani iliyopita

Khan Academy ni bure na inatosha kwa kanuni zote. Imepangwa kwa mtaala wa Marekani, kwa hiyo usianze somo la kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye kanuni ya kipeo (power rule), ya zao (product rule), ya mgawanyo (quotient rule), halafu ya mnyororo (chain rule). Simamisha video kabla hajatatua, andika lako, ndipo uendelee. Asiyesimamisha anatazama tu, na asubuhi hakumbuki. Gharama yake halisi ni bando: pakua kwenye Wi-Fi, kwa ubora wa chini, hesabu zinasomeka vizuri tu.

NECTA huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa mitihani iliyopita, zenye picha za majibu mazuri na mabovu. Ni bure, na ni wachache wanaozifungua. Ukiuziwa PDF hizo kwenye magrupu ya WhatsApp, umeuziwa chako.

4. Desmos na GeoGebra

Bure. Chora d/dx ya swali, chora na jibu lako. Grafu zikilaliana umepata. Zinafaa sana kuona kwa nini mteremko ni sifuri kwenye kilele.

5. Programu za kupiga picha swali, na akili mnemba

Photomath, Symbolab na WolframAlpha hutoa jibu bila malipo. Baadhi ya hatua au maelezo ya kina hulipiwa. Hatushauri kulipia. Kamera inaweza kusoma x² kama x2, na jibu linaweza kuja kwa sura nyingine: umeandika 2 sin x cos x, programu imeandika sin 2x, nawe ukafuta kazi sahihi. Ziweke zote mbili x = 0.7 kabla ya kufuta.

Akili mnemba inaeleza vizuri lakini huteleza kwenye aljebra kwa kujiamini kabisa. Mwandikie hatua zako zote, kisha: "Niambie mstari wa kwanza uliokosewa na kwa nini. Usinipe jibu." Halafu kagua kwa kikokotoo.

6. Darasa kubwa la tuisheni

Watu 30 kwa saa moja ni dakika mbili kwa kila mmoja, kama mwalimu hasemi neno lolote ubaoni. Linafaa kwa marudio ya mada nzima karibu na mtihani. Kwa kazi ya nyumbani halifai.

Kisichonunuliwa: mtu wa kukufanyia

Wapo, na bei yao ni ndogo. Lakini alama za hisabati hutolewa kwa hatua, na hatua za mwingine huwezi kuzieleza ukiitwa ubaoni. Kama ni usiku na kazi inatakiwa asubuhi, andika mpaka ulipofika, pigia mstari hatua iliyokushinda, na kando yake andika ulichojaribu. Mwalimu wa darasani akiona hivyo anajua pa kuanzia kukusaidia, na huyo hatozi kitu.