Duka la kubeti karibu na stendi, Arua: bango lipo, ukaguzi haupo

Mlangoni kuna bango kubwa jekundu: 25+. Wageni kutoka Kenya na Tanzania hushangaa, maana kwao ni miaka 18, lakini Uganda sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza. Sharti hilo la bango duka limelitimiza vizuri. Kasoro inaanzia kaunta.

Karani anapokea hela bila kuuliza lolote. Unamtajia mechi, unatoa shilingi 1,000, printa inatema mkeka, yaani karatasi ya dau lako. Kitambulisho kinaulizwa siku mkeka ukishinda. Utaratibu huo umepinduliwa kichwa chini miguu juu: kijana wa miaka 19 analiwa hela wiki nzima hakuna anayejali umri wake, akishinda ndipo umri unakumbukwa. Na kukagua ni kazi ya sekunde chache. Kwenye namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu mbili zinazofuata CM au CF ni mwaka wa kuzaliwa. Ikianza CM06, huyo kazaliwa 2006, arudishiwe hela yake. Kwa wanaocheza kwa simu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa jina la mama au kaka hupita bila swali.

Leseni wanayo, na wameitundika mahali inaposomeka. Linganisha mambo mawili kabla ya kutoa hela: jina la kampuni kwenye leseni liwe lile lile lililo kwenye mkeka, na muda wake uwe haujaisha. Mkeka wenyewe upige picha hapo hapo. Karatasi ile huchapwa kwa joto. Ikikaa juani au mfukoni karibu na mwili wino hufifia, na mkeka usiosomeka ni vigumu kuudai.

Matangazo ndiyo yanayokera. Ukutani wamebandika mkeka wa mechi 8 ulioshinda mamilioni kwa dau la shilingi 1,000. Hesabu yake hawakuibandika. Chukua mechi yenye odi (namba inayozidishwa na dau ukishinda) 2.10 kwa mwenyeji, 3.10 kwa sare na 3.30 kwa mgeni. Gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha: unapata 1.10 na ushee, badala ya 1. Ile ziada ni ya kampuni. Katika kila shilingi 100 inayowekwa, kwa wastani hurudi kama 91. Ukiunganisha mechi 8 za namna hiyo, makato yanazidishana, zinabaki kama 46. Ndiyo maana wanausifu mkeka mrefu. Onyo la uraibu lipo chini kabisa, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama za kwenye boksi la dawa, katika mji ambao watu wanaongea Kilugbara na Kiswahili. Hiyo si kuwajibika kwa wateja. Fomu ya mtu kuomba afungiwe asicheze tena hawana kabisa.

Nyota 2 kati ya 5: moja ya leseni, moja ya malipo, ambayo hutoka bila usumbufu. Ya tatu wataistahili siku karani atakapoomba kitambulisho kabla ya kugusa hela. Mwenye malalamiko aandike tarehe, saa na namba ya mkeka, awapelekee bodi ya taifa inayosimamia michezo hii.