Deskflow kwa kibodi moja na kipanya kimoja: uzoefu wangu kwenye Windows, Ubuntu na Mac

Deskflow ni programu ya bure inayokuwezesha kutumia kibodi moja na kipanya kimoja kwenye kompyuta kadhaa zilizo mezani. Ukiuvusha mshale ukingoni mwa skrini ya kwanza, unatokea kwenye skrini ya kompyuta ya pili, na unachoandika kinaenda huko huko. Picha ya skrini haihamishwi, kwa hiyo kila kompyuta lazima iwe na skrini yake. Inatoka kwenye shina moja na Synergy, programu ya kazi hiyo hiyo iliyoanza mwaka 2001, na aliyezoea Barrier, ndugu yao mwingine, ataitambua mara moja. Barrier yenyewe iliishia toleo 2.4.0 la mwaka 2021 na haielewani na Wayland, mfumo wa skrini wa Linux nyingi za sasa, kwa hiyo simshauri mtu aanze nayo leo.

Kwangu kompyuta ya mezani ya Windows 11 ndiyo seva, yaani ndiyo iliyochomekwa kibodi na kipanya. Kushoto ipo laptopu ya Ubuntu 24.04 (aina ya Linux), kulia MacBook. Seva iwe kompyuta inayokaa imewaka muda wote, na uizuie isilale yenyewe, maana ikilala tu, nyingine zote zinabaki bila kipanya. Linux yenye Wayland nayo ni rahisi zaidi kuwa upande wa kupokea kuliko kuwa seva. Kwa kupokea inahitaji GNOME 46 au Plasma 6.1 kwenda juu (hayo ni mazingira ya dawati ya Linux, yaani madirisha na menyu unazoziona), na Ubuntu 24.04 inakuja na hiyo GNOME 46.

Kwenye Ubuntu njia nyepesi ya kuisakinisha ni Flatpak, mfumo wa kusakinisha programu kwenye Linux: flatpak install flathub org.deskflow.deskflow. Kwenye seva unafungua gridi ya skrini, unaburuta skrini mpya mpaka upande ilipo kompyuta yenyewe mezani, kisha unaipa jina. Hapo ndipo wengi wanakwama. Jina hilo lifanane kabisa na jina ambalo Deskflow ya laptopu inalionyesha. Ukiandika jina tofauti, muunganisho unafika kwenye seva kisha unakataliwa, na usipofungua kumbukumbu za programu (log) utadhani tatizo ni mtandao.

Mara ya kwanza kuunganisha, Deskflow inaonyesha alama ya usalama (fingerprint) ya TLS, usimbaji unaoficha data inayopita mtandaoni. Linganisha alama iliyo kwenye seva na ile iliyotokea kwenye laptopu ndipo ukubali. Usizime TLS kwa kukwepa usumbufu huo. Bila TLS kila herufi unayobonyeza, nywila zikiwemo, inapita mtandaoni wazi. Na kama ni kuiwasha, iwashwe pande zote. Upande mmoja ukiizima hakuna kitakachounganishwa.

Ubuntu ina hatua yake ya ziada. Deskflow ikijaribu kuunganisha, GNOME inafungua kidirisha cha kuomba ruhusa, na ndani yake kuna swichi ya kuruhusu kompyuta iendeshwe kutoka mbali. Washa swichi hiyo kwanza, halafu ndiyo ubonyeze kitufe cha kukubali. Kidirisha hicho unakijibu kwa padi ya laptopu yenyewe, kwa sababu kipanya cha seva bado hakijaruhusiwa kuingia. Kwenye Mac, ruhusa inatolewa ndani ya mipangilio ya faragha, sehemu ya Accessibility. Ukisasisha programu na mshale ukagoma ingawa ruhusa inaonekana imewashwa, iondoe Deskflow kwenye orodha kwa kitufe cha kutoa, kisha iongeze upya. Mac ikidai kwamba programu imeharibika, endesha xattr -c /Applications/Deskflow.app kwenye Terminal kisha uifungue tena.

Sasa mtandao, ambao ndio unaoamua kama utaipenda programu hii au utaifuta jioni ile ile. Deskflow inatumia poti 24800 ya TCP ndani ya mtandao wa nyumbani au ofisini. Haihitaji intaneti na haili bando. Ila kwenye Wi-Fi yenye watu wengi mshale unakwama nusu sekunde kisha unaruka, na hilo huwezi kulirekebisha ndani ya programu. Mtandao wa wageni wa ruta mara nyingi unazuia vifaa kuonana, na hapo haitaunganisha kabisa.

Dawa niliyoiona bora kwa kompyuta mbili ni waya wa Etherneti wa moja kwa moja, bila kupitia ruta. Waya wa kawaida unatosha, kwani poti za siku hizi zinajipanga zenyewe. Seva ipe anwani 192.168.50.1, laptopu 192.168.50.2, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, na nafasi ya geti (gateway, yaani mlango wa kutokea intaneti) uiache tupu ili kompyuta zisijaribu kutafuta intaneti kupitia waya huo. Wi-Fi inaendelea na kazi zake za intaneti. Kwenye Deskflow ya laptopu andika 192.168.50.1 kama anwani ya seva. Mshale unateleza kama kipanya kimechomekwa kwenye laptopu yenyewe, na umeme ukikatika ruta ikazimika, laptopu mbili zenye chaji zinaendelea kushirikiana.

Njia hiyo ina mtego mmoja. Kwa kuwa haina geti, Windows inauhesabu mtandao huo kuwa wa hadharani, na kama fayawoli uliiruhusu Deskflow kwa mtandao binafsi pekee, itaizuia. Tengeneza kanuni ya kuingia kwa TCP 24800 kwenye wasifu wa hadharani, na uifunge kwa anwani 192.168.50.2 tu. Kupima usitumie ping, kwa sababu Windows inaweza kuinyamazia wakati poti iko wazi. Kwenye Ubuntu andika nc -vz 192.168.50.1 24800, jibu la kufaulu likija, mtandao ni mzima na kasoro itafute kwenye jina la skrini au TLS.

Kwenye Mac, kwenye mipangilio ya skrini yake pale kwenye seva, badilishana Ctrl na Super (jina la Deskflow kwa kitufe cha Windows au Command). Baada ya hapo Ctrl+C inakopi kwenye kompyuta zote na vidole havichanganyikiwi. Hakikisha pia mpangilio wa kibodi ni mmoja kila mahali: moja ikiwa ya Uingereza na nyingine ya Marekani, @ na alama za kunukuu zinabadilishana nafasi. Mshale ukivuka bila kutaka, hasa unapofuata kitufe cha kufunga dirisha kwenye kona, weka kucheleweshwa kwa milisekunde 250 na uzibe kona za skrini. Scroll Lock inaufungia mshale kwenye skrini uliyopo. Muunganisho ukikatika ukiwa umeshikilia Shift, laptopu inaweza kubaki ikiandika herufi kubwa. Bonyeza na uachie Shift ya laptopu yenyewe.

Kukopi maandishi kutoka Windows kwenda Mac kunakwenda vizuri. Upande wa Wayland kukopi huko sikutegemei sana, na mafaili natuma kwa njia nyingine.

Kama kompyuta zako zote ni Windows, acha Deskflow uchukue Mouse Without Borders iliyo ndani ya PowerToys: inabeba hadi kompyuta 4 na kuunganisha ni kwa ufunguo wa usalama tu. Wenye Mac na iPad watumie Universal Control, ipo tangu macOS 12.3 na iPadOS 15.4.

Lakini hakuna programu kati ya hizi itakayokufikisha kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kabisa), wala kwenye nywila ya diski iliyofungwa kabla Linux haijawaka, kwa sababu muda huo programu haijaanza kufanya kazi. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na kibodi yake, nunua swichi ya USB ya kitufe. Ukibonyeza, kibodi inachomoka upande mmoja na kutambuliwa upande wa pili baada ya sekunde moja au mbili, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuandika. Chagua yenye tundu la umeme wa ziada kama kibodi yako ina taa nyingi: poti ya USB 2.0 inatoa miliampea 500, na umeme huo unagawanywa kwa kila kitu ulichochomeka kwenye swichi.