Mjamzito wa Mtwara: kutembea au kuogelea?

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea ufukweni Shangani asubuhi na mapema hakuna gharama, na kipimo chake ni rahisi: ukiweza kuongea bila kuhema, mwendo unafaa. Jua likipanda, rudi nyumbani unywe maji.

Mimba ikiwa kubwa, kuogelea kunashinda: maji hubeba uzito, mgongo ukapumzika. Lakini bahari ina mikondo, kwa hiyo ni kwa anayejua kuogelea, akiwa na mwenzake, tena si siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Mdogo wangu ningemwambia atembee.

Vyovyote iwavyo, ukiona damu, maji yakivuja au kizunguzungu kikikushika, acha hapohapo uwahi hospitali.