Daktari wa familia kijijini: mkataba wa ufadhili au mafunzo ya huko huko?

Swali hili hurudi kila kijiji kinapobaki bila daktari: tumfunge kwa mkataba wa ufadhili, au tumfundishie vijijini tangu mwanzo?

Kwa kasi, mkataba unashinda. Mwanafunzi hulipiwa karo, na akihitimu hupangiwa kituo. Japani imefanya hivyo kupitia Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi tangu 1972: mkopo wa masomo hufutwa daktari akitumikia mkoa wake kwa takriban miaka 9. Ila mkataba una mwisho, na asiyependa kukaa huanza kuhesabu siku mapema.

Kwa kudumu, naona mafunzo ya vijijini yana uzito zaidi. Kijana aliyekulia mbali na mji, akajifunza kuzalisha, kushona majeraha na kufuatilia wagonjwa wa kisukari chini ya daktari mzoefu wa huko, hatishwi kirahisi na upweke wa kazi. Shule ya tiba ya Kaskazini mwa Ontario, Kanada, iliyofunguliwa 2005, ilijengwa juu ya wazo hilo. Gharama yake ni nzito: malazi ya wanafunzi, usafiri, na hasa wakufunzi, ambao tayari wamezidiwa na wagonjwa. Matunda nayo huchelewa.

Baada ya hapo, njia zote mbili hudhoofika pasipo daktari mwenza wa kupokezana zamu, nyumba ya heshima na kazi kwa mwenzi wa daktari. Hapo ndipo panaposahaulika mno.

Kituo kikiwa kitupu leo, anzeni na mkataba. Mkiwa na daktari mmoja mwenye moyo wa kufundisha, mpeni wanafunzi wawili, na mmpunguzie foleni ya wagonjwa.